Chungwa la Novemba

Kwetu Muheza chungwa huiva na ukijani wake,
kwa hiyo mpaka nafika Vermont sikuwa nimejiuliza
kwa nini rangi hii iliitwa chungwa.
Niliijua Novemba ya kwanza, kando ya sanduku la barua,
nimevaa koti la msaada, hudhurungi kama majani makavu,
Merle Pomerleau aliposimamisha pikapu yake,
akashusha kioo, akanirushia kofia.
Hakusalimu. "Vaa," alisema. "Unafanana na msitu."
Ikaniwakia mkononi kama kaa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko nyuma ya posta.
Msimu wa kulungu ukikaribia naletewa makoti:
zipu zilizong'oka meno, mifuko iliyochoshwa na risasi,
sufu ya miraba myekundu na myeusi, urithi wa babu
ambaye, naambiwa, hakuvaa chungwa hata siku moja
na alifia kitandani.
Nikipima mabega, wananipa darasa:
kulungu haioni rangi hii, kwake ni ukungu tu.
Rangi ni salamu ya mtu kwa mtu.
Na kidole kikae mbali na kifyatulio
mpaka ujue unacholenga,
na kilicho nyuma yake.
Tahadhari kabla ya hatari, tulisema kwetu.
Hatukusema ina rangi gani.

Jumanne watu walijaa ukumbi wa shule.
Hoja moja: tuliombe jimbo liifanye lazima?
Odile Letourneau, muuguzi, alisema hata mkanda wa gari tuliulalamikia,
leo tunaufunga huku tunasinzia.
Wendell Gaskin, kijana, mikono kifuani:
"Leo fulana. Kesho mtanichagulia soksi."
Tukacheka. Mzee mmoja akauliza
kama ng'ombe wake naye atashonewa.

Kisha Merle akasimama, kofia mkononi,
na ukumbi ukanyamaza kabla hajafungua kinywa.
Walijua wote. Mimi tu sikujua.

"Mwaka wa sabini na nane," alisema, "jua halijatoka.
Nilimtaka kulungu mpaka nikamuumba.
Nikaona masikio. Nikaona pembe,
nikahesabu matawi yake: sita.
Alikuwa Lucien, mdogo wangu,
ameinama kufunga kamba za buti.

Msiniambie habari za koti lake.
Koti halikuvuta kifyatulio.
Siku ile ningemwona kulungu hata ndani ya jua lenyewe.
Lakini..." Akaigeuza kofia, akaigeuza tena.
"Labda ningesita. Nusu sekunde.
Miaka yote hii ninaitafuta hiyo nusu sekunde."

Hakutuambia tupige kura ipi. Akaketi.

Hoja ilianguka kwa kura nne.
Wengine walimpa Merle mkono,
wengine walimpita wakitazama viatu vyao.
Mimi si raia bado. Sina kura, nina sindano.

Usiku ule nilichana fulana kuukuu ya wajenzi wa barabara,
nikakata tepe mbili, upana wa vidole vitatu,
nikazishona kwenye koti la Wendell lililokuwa likingoja zipu:
moja begani, moja mgongoni,
mshono wa kurudia, ule usiofumuka kwa hasira.

Ijumaa alikuja. Akalitandaza mezani.
"Nani kakuomba hii?"
"Hakuna."
"Bei?"
"Zipu ni dola kumi na mbili."

Nje theluji ya kwanza ilikuwa bado haijaamua.
Akatoa kisu mfukoni, akakifungua.
Nikatazama tepe zangu kama mtu anayeaga.
Akalivuta bega karibu na taa,
akakata uzi mmoja niliousahau ukining'inia,
akakunja kisu, akalivaa koti, akatoka.